Jina la Babu wa Mtoto

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kunisemea.

Mama yule alifika kliniki asubuhi, ametembea kutoka uwandani huko chini ya mlima Hanang, mtoto mgongoni. Mtoto ana miezi tisa, siku yake ya sindano ya surua imefika. Mimi nimekaa mezani, sare imenyooka, kishikwambi mkononi, najiona mtu mbele za watu. Nikachukua kadi yake nikaanza kujaza. Jina la mtoto lipo kwenye kadi. Jina la baba lipo. Jina la babu halipo.

"Mama, babu yake mtoto anaitwa nani?"

Kimya.

"Baba yake mume wako. Jina lake nani?"

Akavuta shuka lake, akafunika mdomo, akatazama sakafu. Nikamuuliza mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya kumwambia kiziwi. Nyuma yake foleni imefika mlangoni, watoto wanalia, na mimi nilishaamua moyoni kwamba huyu ni mwanamke wa kiburi. Nikabonyeza kuhifadhi hivyo hivyo, sehemu ile ikiwa tupu. Kishikwambi kikanitolea maneno mekundu: Jaza sehemu zote.

Maneno hayo niliyaandika mimi. Na mlangoni palibandikwa karatasi, mwandiko wangu, herufi kubwa: HAKUNA SINDANO BILA USAJILI.

"Basi nenda, urudi na mume wako," nikamwambia.

"Mume wangu yuko na ng'ombe upande wa Balangida."

"Akirudi, mje."

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Mimi nikaita, "Anayefuata!" utadhani nimefanya kazi ya maana.

Sasa nieleze nilivyofika kwenye ujinga huo, maana haukuja kwa siku moja.

Mimi ni nesi. Kwetu ni Endagikot, huko juu Mbulu, ila kazi nilipangiwa zahanati moja ya uwanda wa Hanang, jina lake naliacha. Kliniki ya watoto tulikuwa tunaiandika kwenye daftari kubwa. Daftari likijaa linaingia kabatini, tunafungua jingine. Mtoto akija na kadi iliyochanika au iliyolowana, tunafukua madaftari matatu huku mama amesimama juani. Kuna watoto tuliowachoma mara mbili. Kuna wengine tuliwasahau kabisa hadi mama mwenyewe akaja kutukumbusha. Jambo hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu mimi si mtu wa kusahausahau.

Siku moja kwenye semina nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa nini tusiwe na kitu chetu kidogo, kinachoendeshwa hapo hapo zahanati bila kutegemea mtandao, maana mtandao kwetu unakuja na kuondoka unavyojisikia. Aliyekuwa anafundisha ni bwana mmoja wa mifumo ya kompyuta, mtu mzima, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akatabasamu.

"Nesi, wewe shika sindano. Seva tuachie wenyewe."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilikaa chini masikio yanawaka moto. Nikajiapiza: hiyo seva nitaitengeneza, na utakuja kuiona kwa macho yako. Wenzangu huanza mambo makubwa kwa wito. Mimi nilianza kwa ubishi, na sioni aibu kusema.

Likizo yangu yote ya mwaka ule niliimalizia nyumbani Endagikot, mbele ya kompyuta iliyokwishatumika na mwenyewe wa kwanza hadi herufi zikafutika. Nilijifunza kwa video za kwenye simu. Mama yangu alikuwa akipita na ungo wa maharage, anasimama, anauliza kama hayo ni masomo au ni maradhi.

Kwa asiyejua, seva si kitu cha ajabu. Ni programu inayokaa kwenye kompyuta, inasubiri. Simu au kishikwambi kinapiga hodi kupitia waifai, kinauliza kitu, seva inajibu. Ukileta jina la mtoto, inalipeleka kwenye jedwali lake na kulitunza. Basi. Kazi ni kuifanya ikuitikie.

Yangu haikuitikia. Kwenye kompyuta yenyewe ukurasa ulifunguka vizuri kabisa, nikajipongeza. Nikichukua simu, hakuna kitu: ukurasa haupatikani. Wiki nzima! Nilizima ruta nikawasha. Nilifuta kila kitu nikaanza upya. Niliitukana ile mashine kwa Kiiraqw, matusi ambayo mama yangu akisikia angenitandika na utu uzima wangu wote. Kumbe nilikuwa nimeiambia isikilize anwani moja tu, ile inayoanza na mia moja ishirini na saba, ambayo maana yake ni mimi mwenyewe. Seva ilikuwa inajiongelesha. Nilipobadilisha nikaweka sifuri nne, yaani msikilize yeyote anayebisha hodi, simu ikafunguka hapo hapo. Nilipiga kigelegele. Mama akatoka mbio kwenda zizini akidhani ng'ombe amezaa.

Kwa hiyo mnaelewa niliporudi kazini nilirudi na mabega juu. Ruta tukaiweka chumba cha kadi, kompyuta ikachomekwa kwenye umeme wa jua, vishikwambi viwili mezani. Fomu niliipanga mimi. Na nilipofika kwenye majina, sikufikiri hata kidogo. Tangu darasa la kwanza kila fomu niliyojaza nchi hii imeniuliza majina matatu: langu, la baba, la babu. Mimi nikiulizwa natamka yote matatu bila kuvuta pumzi. Nikaandika kwamba sehemu zote ni za lazima. Nilikuwa nimechoka na daftari lenye mapengo, nikasema kwangu pengo halipiti.

Turudi siku ile. Mchana foleni imeisha, nikatoka kwenda getini kununua maziwa. Pale hukaa mama mmoja wa Kibarbaig, ananizidi umri kidogo, anauza maziwa, na ulimi wake hauna breki. Sikumaliza kumsalimia.

"Nesi, leo umemfukuza mke wa watu."

"Sijamfukuza, dada. Amekataa kutaja jina la babu wa mtoto."

"Hajakataa. Hatamki. Kuna kukataa na kuna kutotamka."

Nikamwambia anieleze, na akanieleza kama unavyomweleza mtu mzito wa kuelewa. Kwao Wabarbaig, mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwake. Si kwamba amelisahau. Ni heshima yake kwa wazee wa mume wake, na akilitamka mbele ya watu amewavunjia adabu wote, walio hai na waliolala. Tena si jina lenyewe tu. Na maneno yanayofanana nalo anayakwepa, ana namna nyingine ya kuyasema.

"Hata mimi," akasema, "kuna neno moja la jikoni, neno la kila siku, sijalisema tangu niolewe."

"Neno gani?" nikaropoka.

Akanitazama. Kisha akacheka, akashika ndoo isije ikamwagika. "Na wewe nesi! Sasa nikwambie vipi?"

Nikacheka naye, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilimwona yule mama tena, shuka mdomoni, mimi nimemkazia macho namuuliza mara ya tatu. Nilikuwa nimemtaka amkosee adabu mkwe wake mbele ya foleni, ndipo nimchome mtoto wake sindano. Roho iliniuma, siwezi kusema vinginevyo.

Nikatoka mbio hadi barabarani. Hayupo. Vumbi tupu na upepo.

Na haikuwa siku ya kukosa sindano. Kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba kwenye maboma ya mbele kuna watoto wana homa na vipele. Hakuna aliyethibitisha, lakini nesi yeyote akisikia homa na vipele kwa pamoja, anajua anawaza nini. Kliniki nyingine ilikuwa baada ya wiki mbili.

Nikarudi kwa muuza maziwa. "Dada, wewe unamfahamu. Mpelekee ujumbe. Mwambie nesi amekosea, aje kliniki ijayo, hataulizwa tena."

Akatikisa kichwa. "Ile mashine imeacha kuuliza?"

"Nitairekebisha."

"Ukishairekebisha nitampelekea. Simpeleki mtu kuaibishwa mara mbili kwa ahadi. Irekebishe kwanza, nije nione."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kama mashine haijatengemaa, ujumbe hauendi. Ujumbe usipokwenda, yule mtoto anakaa uwandani bila kinga, na aliyemweka katika hali hiyo ni mimi na maneno yangu mekundu.

Niliingia ofisini kwa mfawidhi wetu. Ni mzee wa Mtwara, Mwislamu mtulivu, ameshafanya kazi mikoa mitano.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba, binti. Mbona uso umekushuka?"

Nikamsimulia. Akavua miwani. "Mimi pale kwenye jina la babu naacha wazi miaka yote. Daftari haligombi na mtu."

"Sasa mbona hukuniambia, dokta?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na kompyuta ukatuambia sasa mambo ni hivi." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniingia zaidi. Nilikwenda mlangoni nikaibandua ile karatasi yangu, nikaichana vipande.

Nikadhani kurekebisha ni dakika kumi. Nikafungua fomu, nikaondoa lile neno la lazima kwenye sehemu ya babu. Nikajaza mtoto wa kubuni, nikaacha babu tupu, nikabonyeza. Jaza sehemu zote. Ala! Nikakumbuka kwamba nilikuwa mjanja kupita kiasi: ukaguzi niliuweka mara mbili, kwenye fomu na kwenye seva, ili mtu asinipige chenga. Nikaingia kwenye programu ya seva nikafuta mistari ile. Nikahifadhi. Nikabonyeza. Jaza sehemu zote.

Nilifuta mistari nisiyohitaji kufuta. Nilirudisha. Nilisoma programu kuanzia juu hadi chini nikiweka kidole kwenye kioo, na yale maneno mekundu hayapo popote, lakini yanatoka! Siku ya pili nikiwa nakunywa chai ndipo nikang'amua: seva ilikuwa bado inaendesha programu ya zamani, ile iliyoisoma ilipowashwa. Mimi nabadilisha faili, yenyewe haina habari. Ni lazima uizime uiwashe ndipo isome upya. Kila anayeanza kazi hii hukwama hapo, nilikuja kusoma baadaye. Wakati ule nilijiona mimi peke yangu ndiye punguani wa dunia nzima.

Nikaifunga. Nikaiwasha mpya. Ikakataa, inasema mlango wake umeshashikwa na mwingine. Mwingine nani, jamani? Ni ile ya zamani. Nilifunga dirisha lake tu, yenyewe ikaendelea kukaa ndani kimyakimya, kama mkuu aliyestaafu lakini ofisi hajaachia. Nikaitafuta kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa, nikaitoa kwa nguvu. Mpya ikawaka.

Nikabonyeza. Maneno mekundu hayakutoka. Yakatoka mengine, meusi, mabaya zaidi: hitilafu ya ndani ya seva, mia tano. Hakuna maelezo, hakuna pole. Mia tano tu.

Siku mbili nilihangaika na hiyo mia tano. Nilikuwa nabahatisha, nabadilisha hiki, nabadilisha kile, na kila nikibadilisha nakuwa mbali zaidi. Kliniki inakaribia. Muuza maziwa kila nikipita getini ananyanyua nyusi tu. Nilimwota yule mtoto. Mwishowe nikameza kiburi changu chote nikampigia simu yule bwana wa mifumo. Nilimpigia kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu, na Mungu anajua ilivyonigharimu.

Alinisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye habari ya mkwe akakohoa.

"Rudisha kama ilivyokuwa, nesi. Fomu ni fomu. Hawataki kutaja, andika haijulikani."

"Babu huyu anajulikana, bwana. Anajulikana sana, ndiyo maana hatajwi."

"Basi wajifunze. Hatuwezi kubadilisha mfumo kwa ajili ya mila za watu wachache."

"Mfumo ni wangu."

"Umo kwenye zahanati ya serikali," akasema, na sauti ikawa baridi. "Nitakuja siku ya kliniki. Nikikuta sehemu hiyo iko wazi, nakifunga hicho kitu chako, mnarudi kwenye daftari."

Akakata simu. Niliitupa simu mezani. Hasira nyingine zinampofusha mtu. Hizi zangu zilinifumbua macho. Nilijisemea: acha kubahatisha, mwanamke. Mgonjwa akija unamsikiliza. Mashine inakuambia inaumwa wapi, ni wewe hutaki kusoma. Kuna faili ambamo seva huandika kila linaloisibu, nililijua tangu mwanzo, ila lilikuwa refu na la Kiingereza kigumu nikawa nalikwepa. Nikalifungua. Nikaenda mstari wa mwisho kabisa, nikausoma taratibu, neno kwa neno. Ulisema jedwali limekataa kupokea safu ya babu ikiwa tupu.

Jedwali! Kumbe hata lenyewe nililiambia tangu siku ya kwanza kwamba pengo halipiti. Nilikuwa nimeweka walinzi watatu dhidi ya mwanamke mmoja mwenye heshima zake, halafu nashangaa mbona hapiti.

Lile jedwali halikukubali kulegezwa likiwa na vitu ndani. Ilibidi nitengeneze jingine pembeni, nihamishie watoto wote humo. Kwanza nikatoa nakala, sikutaka kupoteza hata mmoja. Kisha nikawa napitisha macho kwenye majina kabla ya kuhama, na hapo nikaona kioja. Watoto kumi na mmoja, mama tofauti, maboma tofauti, wengine wa upande wa Masakta, wana babu mmoja. Na jina la huyo babu si la Kibarbaig wala la Kiiraqw. Ni jina la Kihaya.

Nikamwita mwenzangu, nesi aliyeletwa kwetu kutoka Kagera, tunayepokezana naye mezani.

"Huyu mzee ni nani?"

Akajifuta uso. "Babu yangu," akasema. "Akina mama walikuwa wananyamaza, na kile kitu chako hakikubali. Nikasema nisiwarudishe. Nikawaazima babu yangu."

Nilicheka nikakaa chini. Watoto kumi na mmoja wa uwanda wa Hanang ni wajukuu wa mzee mmoja wa Bukoba ambaye hajawahi kuuona mlima huu! Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu mwenzangu alidanganya na watoto wake wote walichomwa, mimi nilifuata utaratibu na wangu akarudishwa. Nani kati yetu alikuwa nesi? Nilimwambia asante. Tukawafutia wale watoto babu wa kuazima, tukaacha pengo.

Badala ya jina la babu nikaweka utambulisho mwingine: namba ya kadi, jina la mama mwenyewe, na boma lake liko karibu na kitu gani. Mama yeyote anaweza kusema hayo kichwa kikiwa juu. Nikazima seva ipasavyo, nikaiwasha. Nikamwita muuza maziwa. Akaja akijifuta mikono kwenye shuka.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Nikajaza, babu nikaacha, nikabonyeza. Imehifadhiwa.

"Bado imeandikwa babu hapo," akasema.

"Ni ya anayeweza kutamka. Asiyeweza anapita."

Akabonyeza mwenyewe mara mbili, hakuniamini. "Mmh," akasema. Akachukua ndoo yake akaondoka, na siku ile hakuuza maziwa mchana.

Siku ya kliniki gari la yule bwana lilifika mapema kuliko akina mama. Akasalimia, akavuta kiti akakaa nyuma yangu, kidaftari gotini. Nikasajili mmoja, wawili, watano. Kila akina mama wakiingia naangalia mlangoni. Hayupo. Saa nne hayupo, saa tano hayupo. Nilishaanza kuwaza yale ya homa na vipele nilipomwona muuza maziwa mlangoni, na nyuma yake yule mama, mtoto mgongoni. Mtoto mzima, ananyonya kidole. Nilitaka kulia, lakini si mbele ya bwana yule.

Akakaa mbele yangu. Hakunisalimia. Nikanakili kadi, nikamuuliza jina lake yeye, akalitaja. Boma lenu liko karibu na nini? Karibu na kisima kipya. Nikaipita sehemu ya babu.

"Hapo umeruka," yule bwana akasema nyuma yangu.

"Sijaruka. Nimeacha."

Akainamia meza, akamwambia yule mama kwa sauti ya upole wa bandia, "Mama, babu wa mtoto anaitwa nani?"

Nikaona mkono unapanda kwenye shuka. Nikasimama. Kiti kilianguka nyuma yangu, sikukiokota.

"Usimuulize tena," nikasema. "Mezani hapa swali hilo haliulizwi."

"Nesi, nilikuambia kwenye simu..."

"Uliniambia utafunga. Funga baada ya huyu. Huyu mtoto nimeshamrudisha mara moja, na simrudishi mara ya pili kwa ajili yako wala ya fomu yako. Ng'o!" Nikabonyeza, kishikwambi kikasema imehifadhiwa, nikamgeuzia asome.

Bwana akafungua kidaftari. "Naandika kwamba taarifa hazijakamilika. Nani ameamua?"

Mfawidhi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, akafungua mdomo kusema kitu, nikamuwahi.

"Andika mimi. Jina langu nakutajia yote matatu, mimi yangu nayaweza." Nikayataja, langu, la baba na la babu yangu wa Endagikot, taratibu, nikimsubiri amalize kila moja. Aliandika. Akatoka kwenda kuongea na mfawidhi, na mlango ukafungwa.

Sikujua kama jioni ile ningekuwa bado na seva. Nilikaa chini, nikamgeukia yule mama.

"Nisamehe kwa siku ile," nikamwambia. "Nilikukosea."

Akanitazama kwa mara ya kwanza, moja kwa moja machoni, hakufunika mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kimenyooka.

"Huyu angekufa kwa kukosa sindano," akasema, "pale kwenye jina la babu ungeandika nini?"

Nikavuta chanjo kwenye bomba la sindano. Akamshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani, akamvua nguo mkono wa kushoto, akanisogezea.